Dawa ya Deni ni Kulipa

Katika mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili hoja ilikuwa kwamba serikali inawasaidia wafanyabiashara wadogo vya kutosha. Upande wa kupinga ulisema hapana, watu waongezewe mikopo. Upande wa kuunga mkono ukasema mikopo imejaa tele, ni watu tu hawataki kuirudisha. Tulipiga kelele mpaka kengele ikalia. Mimi nilitoka na dukuduku moyoni kwa sababu pande zote mbili ziliongea juu ya mikopo peke yake. Hakuna aliyetaja kulipwa, na kulipwa ndiko ninakotaka kuandikia hapa.

Kwanza tuondoe dhana moja mbaya. Wako wenzetu wanaofikiri biashara ndogo ni ya watu walioanguka mtihani. Si kweli hata kidogo. Tembea tu hapa Kosele siku ya soko uangalie: wenye posho mili, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, wamama wa omena na wa viazi vitamu, seremala, kinyozi, fundi wa baiskeli. Ukiwatoa walimu wetu (samahani walimu) na wafanyakazi wachache wa serikali, wengi wa waliobaki wanakula kutoka kwa biashara kama hizo. Nchini kote ni vivyo hivyo. Shirika la Takwimu la Kenya lilipofanya uchunguzi mwaka 2016 lilipata biashara ndogo na za kadiri milioni 7.4, na katika hizo zenye leseni zilikuwa kama milioni 1.56 tu. Na hili si jambo geni. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya ikieleza kwamba watu wa kazi ndogo ndogo mijini hawakuwa wavivu, bali walichapa kazi bila msaada na mara nyingi walisumbuliwa. Miaka ishirini baadaye, yaani 1992, serikali ikaandika sera juu ya biashara ndogo na jua kali.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Mambo yamefanywa. Hazina ya vijana ilianzishwa 2006, ya wanawake 2007, na tarehe 30 Novemba 2022 ukaja Hustler Fund ambao mtu aliweza kukopa kwa simu kuanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote hayo: mwaka 2013 serikali iliamua asilimia 30 ya zabuni zake ziwekewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huo ulikuwa msaada wa maana. Mtu apewe kazi afanye, auze, alipwe. Atataka nini tena?

Lakini wapi! Hebu niwaeleze yaliyompata mjomba wangu.

Mjomba ni seremala. Yeye na vijana wenzake walijiandikisha kama kikundi, wakapata cheti, wakaomba zabuni ya madawati 40 katika taasisi moja ya umma. Siitaji jina wala mahali ilipo. Wakapewa. Siku hiyo nyumbani kulichinjwa kuku. Bei ilikuwa shilingi 3,500 kwa dawati, jumla 140,000. Walipewa 30,000 za kuanzia, zilizobaki wangelipwa wakishaleta mali. Mbao, misumari na vanishi viligharimu 82,000. Vibarua wawili walichukua 18,000. Kwa hiyo faida ingekuwa 40,000, na mjomba alikuwa amekwisha kupanga kununua mashine ya kuranda, maana randa ya mkono inamla mgongo.

Pesa za kuongezea mbao alizikopa katika chama chao, shilingi 40,000. Riba ya chama ni shilingi kumi kwa kila mia kila mwezi, na hakuna aliyeiogopa kwa sababu deni lilikuwa la mwezi mmoja, ikizidi sana miwili. Madawati yalikamilika, yakakaguliwa, yakapokelewa, watoto wakayakalia. Malipo yalikuja baada ya miezi kumi na minne.

Wanafunzi wa Somo la Biashara wapige hesabu. Riba ya shilingi 4,000 mara miezi 14 ni shilingi 56,000. Faida ilikuwa 40,000. Yaani mjomba alifanya kazi ile akatoa na shilingi 16,000 zake mfukoni, bila kuhesabu nauli ya kwenda kila mara kuambiwa njoo wiki ijayo, mwenye kutia sahihi hayuko, pesa hazijatoka Nairobi. Mashine ya kuranda haikununuliwa. Kibarua mmoja alichoka kungoja akaenda kubeba watu kwa pikipiki, na alikuwa fundi hodari wa kuunga miguu ya viti.

Mtu atasema huyo ni mmoja tu, bahati mbaya. Si mmoja. Kufikia mwisho wa Juni 2023, serikali za kaunti peke yake zilikuwa na madeni ambayo hayajalipwa ya zaidi ya shilingi bilioni 160, kwa hesabu ya Msimamizi wa Bajeti. Ndani ya mabilioni hayo kuna kampuni kubwa za barabara, ndiyo, lakini kuna pia mama aliyepika chakula cha mkutano na kijana aliyepaka rangi zahanati. Kampuni kubwa ina benki ya kuiegemea na wakili wa kuisemea. Mdogo hana. Ndiyo maana nasema zabuni ya asilimia 30 bila malipo ya haraka inaweza kumwumiza mdogo kuliko kumnyima zabuni kabisa. Aliyenyimwa amebaki na mbao zake.

Wala sidhani wakubwa wote wa ofisi ni watu wabaya. Ni mnyororo. Chukua shule kama zetu za kutwa. Tangu 2018 kiwango kilichowekwa na serikali ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Pesa hizo zikichelewa au zikija nusu, mwalimu mkuu atamlipa nani kwanza? Mwenye mahindi na maharagwe angoje, fundi angoje, mwenye duka la chaki angoje. Serikali inakopa kwa mwenye duka bila kumwuliza, na bila riba.

Sasa linganisheni na upande wa pili. Mama yangu anauza viazi vitamu. Akifika sokoni, kabla hajauza hata fungu moja, mtoza ushuru amesimama na risiti. Mama hawezi kumwambia eti njoo wiki ijayo, mwenye kutia sahihi hayuko. Analipa pale pale, na asipolipa viazi vinabebwa. Sisemi ushuru ni mbaya, soko lataka kufagiliwa. Nauliza tu kwa nini mwendo wa pesa uwe mbio zinapotoka kwa mama na uwe wa kinyonga zinapomwendea mjomba.

Rafiki yangu wa darasa ananiambia mfanyabiashara wa kweli hangojei serikali. Sawa, lakini mjomba hakuomba bure. Aliuza madawati. Ukichukua soda dukani usilipe, mwenye duka akikudai je, anangojea msaada?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2011, ofisi ya umma hupewa kwa kawaida siku 30 za kulipa, na ikichelewa deni linaanza kuzaa riba juu ya ofisi hiyo hiyo. Hapo ndipo mimi ningeanzia kama ningekuwa bungeni. Riba ile ya 56,000 ingemwangukia aliyechelewesha, na nadhani sahihi ingepatikana upesi sana.

Mjomba bado yuko kazini. Siku hizi anatengeneza vitanda na vizimba vya kuku vya watu binafsi, nusu ya pesa mbele, nusu siku ya kuchukua. Muhula uliopita alikuja mtu na hati ya kuagiza makabati 25 ya ofisi ya umma. Mjomba aliisoma polepole mpaka chini, akauliza malipo ya kuanzia ni ngapi. Akaambiwa hakuna. Akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, akaendelea kupiga msasa.