Nyumba ya Magurudumu na Sauti ya Mama

Msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Wazee wetu walionena methali hii walikuwa wakifikiria maji, chakula na mahali pa kulaza ubavu. Msafiri wa leo huweza kuwa navyo vyote hivyo na bado akawa maskini, kwa kuwa simu aliyoishika mkononi haimfikishi kwa mtu yeyote.

Umaskini huo hudhihirika hasa katika safari ya aina moja inayopendwa sana Marekani, nayo ni safari ya gari-nyumba. Hili ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo, tangi la maji na betri zake lenyewe. Familia hulala humo, hupika humo, na asubuhi huondoka na nyumba yake. Kwa familia ya Kiislamu lina faida zilizo wazi: jiko ni lako, maji ya kutawadhia yapo, na wanawake wana sitara yao popote linapoegeshwa. Lakini nyumba inayohama haiwezi kuvutiwa waya wa intaneti.

Mwezi wa Julai, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu tulikodi gari la namna hiyo katika mji wa Flagstaff, jimbo la Arizona, kwa safari ya siku sita. Tulikuwa tumekwisha kulipa tulipopata habari kwamba Mamangu, aliyeko Mombasa, ameanguka na kuvunjika nyonga, na kwamba atapasuliwa siku ya Jumatano. Mwenyewe alitukataza kuvunja safari. Alilolitaka ni kutusikia sauti. Naye kaka yangu mkubwa hakutaka neno lolote liamuliwe hospitalini bila ya watoto wote kuulizwa. Ikawa lazima tupatikane.

Marekani ina kampuni tatu kubwa za simu za mkononi: Verizon, AT&T na T-Mobile. Hakuna hata moja yenye minara kila mahali, na palipo na mnara wa hii huenda pasiwe na wa ile. Kwa hivyo wasafiri wazoefu huchukua laini mbili za kampuni tofauti, nasi tulifanya vivyo hivyo. Ramani zinazoonyesha mahali mtandao unapofika huchorwa kwa makadirio, na makadirio hayaoni kila genge wala kila bonde. Zaidi ya hayo, bati la gari lenyewe huzuia mawimbi. Simu isiyoshika ndani huweza kushika ukitoka nje. Ndiyo sababu wengi hufunga antena juu ya paa. Kipo pia chombo cha kukuza mawimbi, ambacho husaidia pale mawimbi yalipo dhaifu, lakini pasipo na mawimbi kabisa hakifai kitu.

Kwa mahali kama hapo tulibeba dishi dogo la Starlink, huduma iliyofika Kenya pia mwaka 2023. Setilaiti zake huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, ilhali setilaiti za mawasiliano za mtindo wa zamani hukaa karibu kilomita 36,000 juu yetu. Kwa ajili ya ukaribu huo, mazungumzo hayacheleweshwi sana njiani. Dishi lina masharti yake: lataka uwazi wa mbingu bila mti wala jabali, tena lataka umeme. Dishi linalokula wati 60 likiwashwa kwa saa kumi hutumia nusu ya betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Mama wa nyumba anayejua kupima unga wa mwezi ataielewa hesabu hii bila mwalimu.

Kutoka Flagstaff tulielekea kaskazini hadi mji wa Page, kando ya Ziwa Powell, kisha tukageukia mashariki kuelekea Monument Valley. Njia hiyo hupita ndani ya Navajo Nation, nchi ya wenyeji wa asili wanaojitawala kwa mambo yao mengi. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 70,000, karibu mara mbili ya Kaunti yetu ya Tana River. Mawe mekundu yamesimama peke yake jangwani kama minara ya misikiti iliyoachwa na mji wake. Baina ya mji na mji, laini zote mbili zilinyamaza.

Wenyeji wa huko hawakuizoea hali hiyo kwa matembezi. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020, shule zilipofungwa, wapo wanafunzi waliokuwa wakiketi ndani ya magari nje ya majengo ya umma ili wapate mtandao wa kusomea. Na hawa ndio watu ambao mwaka 1942 vijana wao 29 waliandikishwa katika jeshi la wanamaji la Marekani ili kutunga mafumbo ya vita kwa lugha yao, ambayo adui hakuweza kuyafumbua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ushanga kando ya barabara alituonyesha kilima ambacho watu hupanda kupiga simu. Alikitaja kama sisi tunavyotaja kisima.

Jambo jingine lililotutatiza ni saa. Arizona haibadilishi saa zake majira ya joto, lakini Navajo Nation hubadilisha. Kwa hivyo simu yaweza kuruka saa moja mbele au nyuma kwa kufuata mnara ilioudaka, na ratiba ya sala iliyo ndani ya simu ikafuata. Kwa Maghrib tulitazama jua likizama. Kwa Mombasa tulitundika saa ya kawaida juu ya jiko, tukaitegesha kwa saa za nyumbani, na hiyo ndiyo tuliyoiamini.

Mama alipangiwa kuingia chumba cha upasuaji saa tatu ya asubuhi, nako kule kwetu ilikuwa saa sita ya usiku. Kambi yetu haikuwa na umeme. Kutwa tulilizima dishi, watoto wakakosa katuni zao na mume wangu akaahirisha kazi zake, ili betri iwe na nguvu usiku. Muda mfupi kabla ya wakati huo tuliliwasha. Sauti ya Mama ilikuja safi, akauliza kama watoto wamekula. Kisha akapelekwa, nasi tukakaa gizani tukingoja, dishi likila betri. Baada ya saa mbili na nusu kaka aliandika kwamba ametoka salama. Alhamdulillahi.

Dada msomaji utakayesafiri hivi, au utakayebaki nyumbani ukimngoja aliyesafiri, chombo kimoja kisikutoshe. Beba laini mbili, hifadhi ramani simuni kabla ya kuondoka, ujue maktaba za umma za mijini, ambazo nyingi hutoa mtandao bila malipo. Lakini lililo kubwa kuliko vyombo ni mapatano. Tulimwandikia kaka siku tutakazopita pasipo na mtandao na saa tutakayojitokeza, kwa saa za Mombasa. Kwa hivyo tuliponyamaza siku nzima ya Jumanne, hakuna aliyedhani tumepatwa na balaa, na Mama aliulala usiku wake kwa utulivu. Bando huweza kwisha na betri ikazimika, lakini ahadi ya saa fulani yaweza kumtuliza mzazi hata simu zikiwa kimya.