Akiba Inayooza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Ni neno la hekima, na watu wengi wameokolewa nalo siku ya njaa. Mkulima aliyeweka mtama ghalani na mvuvi aliyekausha samaki wake wanaijua ladha ya neno hilo. Walakini hekima hii ilisemwa kabla ya betri kuzaliwa. Betri ni akiba, tena akiba ya thamani. Lakini ni akiba inayooza. Huoza ikitumiwa, huoza isipotumiwa, na huoza upesi zaidi ikijazwa pomoni na kuwekwa mahali pa joto. Mtu aitegemeaye betri pasipo kulijua jambo hili ni sawa na mwenye ghala asiyejua kuwa mna mchwa.

Mtafiti mmoja wa lugha alifundishwa somo hili kwa gharama. Alikwenda katika kijiji kimoja cha Pemba kukusanya maneno ya kazi ya kusuka mikeka. Bibi mmoja mzee, stadi wa ukili, alikubali kumfasiria majina ya mitindo ya kusuka na asili ya kila jina. Bibi hakupenda sauti yake ichukuliwe katika chombo, kwa hiyo mtafiti aliandika kila neno katika kompyuta mpakato yake iliyokuwa ikiendeshwa kwa Linux. Aliandika katika programu sahili ya maandishi, isiyohifadhi kitu mpaka iamriwe. Jioni ya siku ya tatu, saa tatu ya usiku, alikuwa amechoka. Alitazama chaji akaona asilimia 60. Alifunga kifuniko bila ya kuhifadhi kazi ya siku ile, akalala akiamini kuwa mashine nayo imelala.

Saa kumi na mbili ya asubuhi alifungua kifuniko akakuta kioo cheusi. Mashine haikuwa imelala, ilikuwa imekufa. Ilipopata umeme iliamka bila ya kumbukumbu ya jana. Kazi ya siku mbili za kwanza ilikuwapo, lakini ya siku ya tatu ilikuwa imepotea yote.

Mtafiti alirudi kwa bibi na kueleza msiba wake kwa haya. Bibi hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, maneno ni kama maji ya kisima. Ndoo ikimwagika utateka nyingine, lakini hayatakuwa maji yale yale." Alianza upya kuhesabu majina kwa vidole. Siku iliyopita alitaja majina kumi na moja; siku hii yalimjia tisa. Alifikiri kitambo, akatikisa kichwa na kusema kuwa mawili yaliyobaki yatakuja yenyewe. Hayakuja mpaka mtafiti alipoondoka kijijini.

Mtu aliyepata hasara hutafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta sababu. Mwenzake mmoja alimwambia kuwa kosa ni la Linux, na kuwa mwenye busara hasafiri na mashine iliyoundwa na watu wa kujitolea. Mwingine alisema kosa ni la betri, maana ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Fundi mmoja wa mjini hakuifungua mashine wala hakuipima; aliitazama kwa nje tu akataja bei ya betri mpya. Watu watatu walitoa hukumu tatu, na hakuna hata mmoja aliyesikiliza ushahidi.

Si vibaya kutazama kwanza asili ya vitu viwili vilivyoshitakiwa. Kwa sadfa, vyote viwili vilitoka hadharani katika mwaka mmoja. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za ioni za lithiamu, na mwaka huo huo Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha Linux. Wataalamu watatu waliojenga msingi wa betri hiyo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunzwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97.

Ndani ya betri mna pande mbili. Upande mmoja ni wa grafiti, na wa pili ni wa madini mchanganyiko ambayo mara nyingi yana kobalti. Betri ikitiwa chaji, chembe za lithiamu husafiri kwenda kukaa katika grafiti. Ikitumika hurudi zilikotoka. Lakini kila safari ina watoro wake. Chembe chache hunaswa katika utando unaoota juu ya grafiti, wala hazirudi tena. Hivi ndivyo betri inavyozeeka, na joto na kujaa kupita kiasi huongeza kasi ya uzee huo. Yafaa pia kukumbuka kuwa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na sehemu kubwa hutoka katika eneo la Kolwezi, ambako mchimbaji na mchuuzi husemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo atupaye betri nzima kwa kudhani kuwa ni mbovu hatupi fedha zake tu. Hutupa na jasho la watu wa lugha yake.

Mtafiti aliona kuwa hukumu bila ya kipimo ni dhuluma, akaanza kupima. Katika jambo hili Linux ina tabia moja njema: haifichi hesabu zake. Habari za betri zimo katika folda iitwayo /sys/class/power_supply, na betri mara nyingi huitwa BAT0. Humo mna faili la energy_full_design, lenye kiasi cha nguvu ambacho betri iliundwa ikibebe, na faili la energy_full, lenye kiasi iwezacho kubeba sasa. Mashine nyingine huwa na charge_full badala yake, lakini maana haipotei. Mtafiti alisoma wati-saa 50 katika faili la kwanza na wati-saa 37 katika la pili. Betri ilikuwa imepoteza karibu robo ya uwezo wake. Ilikuwa mzee, lakini haikuwa maiti. Mzee wa namna hii hastahili kuzikwa. Hustahili kupunguziwa mzigo.

Kisha aliujua udanganyifu wa asilimia. Asilimia 60 aliyoiona usiku ule haikuwa sitini ya hamsini, bali sitini ya thelathini na saba. Yaani wati-saa 22 tu. Tena asilimia si kitu kionekanacho kama maji katika mtungi. Ni makadirio, na makadirio ya betri kongwe huweza kukosea. Walakini hata wati-saa 22 si kidogo kwa mashine iliyolala. Toka saa tatu ya usiku hata saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa tisa. Ili kumaliza akiba hiyo, mashine ilikula karibu wati-saa 2 na nusu kila saa. Hicho si chakula cha aliyelala. Ni chakula cha aliyefumba macho tu.

Hapo ndipo kosa lilipoanza kuonekana. Katika Linux usingizi una daraja. Daraja moja huitwa s2idle: kazi husimamishwa na kioo huzimwa, lakini mashine hubaki macho kidogo, na kila kifaa hutarajiwa kujilaza chenyewe. Daraja la pili huitwa deep: prosesa na vifaa karibu vyote hunyimwa umeme, na kumbukumbu peke yake hulishwa ili isisahau. Daraja la kwanza si baya kwa asili yake. Vifaa vyote vikilala vema, matumizi yake huwa madogo. Lakini kifaa kimoja kikikataa kulala, prosesa haiwezi kuzama katika usingizi mzito, kama nyumba ambamo mtoto mmoja akilia usiku, wazazi hawapati lepe.

Mtafiti alisoma faili la /sys/power/mem_sleep. Maneno mawili yalikuwamo, na s2idle ndilo lililofungiwa katika mabano, ishara ya kuwa ndilo lililochaguliwa. Hakuridhika na dalili, alitaka ushahidi. Alilaza mashine saa mbili katika s2idle, akapima kabla na baada: zilipotea wati-saa 5. Akailaza tena saa mbili katika deep: ilipotea pungufu ya wati-saa moja. Kama usiku ule wa Pemba mashine ingalilala usingizi wa pili, asubuhi ingaliamka na karibu nusu ya chaji yake, na majina kumi na moja yangalikuwa salama.

Aliongeza neno mem_sleep_default=deep katika amri za kuwashia kiini, na kwa siku kadha alijaribu kuilaza na kuiamsha, kwa kuwa ziko mashine zinazolala usingizi huo zisiweze kuamka, na nyingine mpya hazina daraja hilo kabisa. Kwa mashine za namna hiyo iko njia ya tatu: kulala kwanza, na muda uliopangwa ukipita, kuandika kumbukumbu yote katika diski na kuzimika. Njia hii hutaka nafasi ya kutosha katika diski, nayo ni nafasi ambayo mtafiti hakuitenga siku alipoiweka Linux. Aliitenga sasa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushituka.

Uchunguzi ulimfunulia na makosa mengine aliyoyatenda kwa mikono yake. Zamani alisoma kuwa programu ya TLP hupunguza matumizi ya umeme, akaiweka bila ya kutazama kuwa mashine ilikwisha kuwa na msimamizi mwingine aitwaye power-profiles-daemon. Mmoja alipunguza, mwingine akaongeza. Mmoja alifunga mlango, mwingine akaufungua. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Alimwondoa mmoja, na fujo ikatulia. Kisha alitumia programu ya PowerTOP, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 2007, ambayo huonyesha ni nani anayeiamsha prosesa kila mara. Alikuta kurasa za intaneti zilizoachwa wazi zikiisumbua prosesa bila ya faida, akazifunga. Alipunguza mwanga wa kioo pia. Matumizi yalishuka toka wati 13 hata wati 8, na betri ile ile iliyokuwa haifiki saa 3 ikaweza kufanya kazi saa 4 na nusu.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la mapenzi. Kwa miaka mitatu mtafiti aliiacha mashine katika chaja mchana na usiku, katika chumba chenye joto, ikiwa na asilimia 100 daima. Alidhani anaitunza, kumbe anaichosha. Mashine nyingi huruhusu Linux kuweka mpaka wa chaji kwa faili la charge_control_end_threshold, na yake ilikuwa mojawapo. Aliandika 80. Tangu siku ile betri hushiba pasipo kuvimbiwa. Akikusudia safari ndefu, huondoa mpaka huo kwa siku moja, na akirudi huurudisha.

Baada ya haya yote hakununua betri mpya. Wala hakuweza kuilaumu Linux peke yake, kwa kuwa ilitii ilivyopangwa, na hesabu zote zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Lilibaki jambo moja lisiloweza kutengenezwa kwa amri yoyote: mtu aliacha kazi ya siku nzima bila ya kuihifadhi. Kuhifadhi kungalichukua muda mdogo kuliko kufunga kifuniko. Betri ilifichua uzembe huo, haikuuzaa.

Mwaka uliofuata mtafiti alirudi Pemba. Kabla hajaketi vema, bibi alimtajia jina moja katika yale mawili, kwa furaha ya mtu aliyeokota pete yake. Jina lile lilimjia usiku mmoja, akalishika kichwani miezi mingi kwa ajili ya mgeni wake. Mtafiti aliliandika, akalihifadhi, akalinakili na katika daftari kwa kalamu ya risasi. Jina la pili halikupatikana tena. Wahenga hawakukosea waliposema akiba haiozi, maana walinena juu ya akiba iliyotazamwa kila siku na mwenyewe. Ile isiyotazamwa huoza, iwe ya mtama, ya umeme, au ya maneno ya wazee.