Rubondo, Ngitili ya Samaki

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Rubondo? Ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Geita. Kutoka Kasenda, wilaya ya Chato, unavuka kwa mashua ya injini.

Ukishuka utashangaa. Mimi ni bwana shamba. Kila ninapofika, macho yangu hutafuta mashamba kwanza. Huku hakuna shamba wala kijiji. Kuna msitu. Sikiliza: furukombe analia juu ya mti. Tazama matete kando ya maji: humo hujificha nzohe, mnyama apendaye majimaji. Msituni wamo sokwe. Mababu zao waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969. Walizoea vizimba, lakini walijifunza kujitafutia chakula.

Kisiwa hiki ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Kuvua samaki bila kibali katika maji ya hifadhi ni marufuku. Labda utauliza, "Kwa nini tunyimwe samaki?"

Wazee wa Shinyanga wanalo jibu. Masika wao hufunga ngitili. Ng'ombe hawaingii. Kiangazi kikifika, majani yapo na ng'ombe wanapona.

Rubondo ni ngitili ya samaki. Sato huzaliana katika maji yake yaliyotulia. Wakikua, wengine hutoka nje ya hifadhi. Hao utawavua kwa halali.

Ukivua humo kwa siri, umelisha ngitili wakati wa masika. Je, kiangazi utalisha nini?