Mota Itoke kwa Droo: Ushauri kwa Vijana wa Eldoret Wanaoanzisha Mbio za Magari ya Rimoti

Vijana kadhaa wa Eldoret, mpwa wangu akiwemo, wanataka kuanzisha mbio za magari ya rimoti. Uwanja wameshauona, hamu wanayo, na magari machache yapo. Kilichowakwamisha ni swali ambalo huku Minnesota limewagombanisha watu wazima miaka nenda miaka rudi: mota. Gari moja lilinunuliwa Nairobi likiwa na mota yake ya kawaida ya brashi. Jingine lilitumwa na shangazi aliye Dallas, nalo lina mota isiyotumia brashi, kali ajabu. La tatu, mwenyewe aling'oa mota ya asili akaweka ya drili ya betri, maana kipenyo ni kilekile na matundu ya skrubu yalikubali. Yapange yote matatu kwenye mstari mmoja, na mshindi utamjua kabla hayajaondoka.

"Mjomba, si kila mtu alete aliyo nayo tu?" mpwa wangu aliniuliza. Nilimwambia hapana. Nimeona huku jinsi kanuni ya mota inavyoweza kujaza ukumbi watu, na jinsi inavyoweza kuwafukuza.

Huku, theluji ikishaanguka, mbio huhamia ndani ya maghala yaliyotandikwa zulia. Chini ya kila gari kuna kifaa kidogo kinachotoa namba yake kila linapopita juu ya waya uliolazwa kwenye mstari, na kompyuta inahesabu. Kipindi kimoja ni kama dakika 5 hivi. Ukimaliza chako, unabaki uwanjani kuinua magari ya wenzako yanayopinduka. Desturi hiyo ya mwisho ningependa ifike Eldoret kama ilivyo.

Magari mengi ni ya kipimo cha 1:10, na mota zake ni za ukubwa unaoitwa 540. Ndani ya ile isiyo na brashi kuna waya wa shaba uliozungushwa, na idadi ya mizunguko hiyo ndiyo jina la mota. Mizunguko ikiwa mingi, mota huenda taratibu na kula umeme kidogo. Ikiwa michache, hukimbia, hula betri na kupata moto. ROAR, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1967, kina daraja la 17.5 kwa wanaotaka kushindana kwa mota ya kawaida, la 13.5 juu yake, kisha daraja la wazi ambapo kila mtu hujichagulia. Kina pia orodha ya mota zilizoidhinishwa. Mota isiyo kwenye orodha haikubaliwi kwenye mashindano yake, hata ikiwa na mizunguko ileile.

Ukitazama orodha hiyo kutoka mbali, utadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Zamani daraja la kawaida lilikuwa la mota za brashi zenye mizunguko 27. Watu walinunua mota kadhaa za aina moja, wakazipima, wakabaki na ile iliyozaliwa na nguvu kuliko ndugu zake. Wengine waliizungusha mota mpya ndani ya glasi ya maji kwa volti ndogo ili kaboni ya brashi ilainike na kukaa sawasawa. Kulikuwa na mashine ndogo za kuchonga shaba inayoguswa na brashi, na brashi zenyewe zilibadilishwa mara kwa mara. Mota isiyo na brashi ilipokuja iliahidi kumaliza hayo yote: nunua moja, kimbia nayo misimu kadhaa.

Halafu, karibu mwaka 2010, vidhibiti mwendo vikapata programu ya kuwahisha umeme ndani ya mota jinsi kasi inavyopanda. Mota ya 17.5 ikaanza kukimbia karibu sawa na za daraja la wazi, na wageni waliokuja kwa mbio za taratibu wakajikuta wanashindwa hata kukata kona. Jibu lililopatikana nalisifu mpaka leo. Kidhibiti kikitumika bila nyongeza hiyo, taa yake huwaka na kuzima, huwaka na kuzima. Mkaguzi anainama, anaitazama, anasema sawa. Hahitaji mashine wala shahada, na mshindani hana la kubishana naye.

Pesa, hata hivyo, ilitafuta njia nyingine. Mota mpya huidhinishwa, sumaku yake ina nguvu kidogo zaidi ya ile ya jana, na anayetaka kubaki mbele anainunua. Sijaona kanuni ya mizunguko iliyoweza kuzuia hilo. Nimeona vijana wakiacha mchezo kwa sababu ya bei, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Watu wa Uasin Gishu hawahitaji mhadhara mrefu kuhusu jambo hili, kwa sababu wamelipitia katika viatu. Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia Vienna kwa 1:59:40, na dunia nzima ikaanza kujadili soli za viatu vyake. Januari 2020 World Athletics ikatangaza kwamba soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40 na isiwe na zaidi ya kipande kimoja kigumu cha ndani. Septemba 2021, katika mji uleule wa Vienna, Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka mstari wa kwanza kwenye maratoni, kisha akaondolewa kwa sababu soli zake zilikuwa na unene wa sentimita 5. Ushindi akapewa Mkenya Leonard Langat, aliyemaliza sekunde chache nyuma yake. Mtu amekimbia kilomita 42, ameinua mikono, na matokeo yanakuja kubadilishwa na kiatu. Kanuni ilikuwapo na ilisimamiwa, hilo ni jema. Lakini kama kiatu kingepimwa kabla ya kuondoka, wanariadha wote wawili wangetendewa vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye mota. Eldoret ni mji wa mafundi. Kwenye vibanda vya jua kali kuna watu wanaosuka upya mota za mashine za kusaga posho na za pampu za maji: wanatoa waya ulioungua, wanahesabu mizunguko, wanapima unene wa shaba, wanaufunga upya na mashine inarudi kazini. Mwambie fundi wa aina hiyo kwamba kanuni ni mizunguko 17 na nusu, naye atakuuliza waya wa unene gani. Ameshaona mwanya uliopo. Na kukagua mota hizo si kazi ndogo, kwa sababu ukinzani wa koili zake ni mdogo mno, wa sehemu za elfu za omu. Mita ya kawaida ya fundi wa umeme haifiki huko. Itasoma ukinzani wa nyaya zake yenyewe. Huku kuna vipimo maalumu vya kazi hiyo. Kuanzisha mchezo Eldoret kwa kununua kipimo kabla ya kununua magari ni kuanza vibaya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chukueni mota ya brashi ya 540, ile ya kopo la rangi ya fedha ambayo Tamiya wamekuwa wakiitia kwenye magari yao ya kuunganisha kwa miongo. Mnunue pamoja, zote za aina moja, ziwe mali ya kikundi, kila moja na alama yake ya rangi. Kabla ya kila kipindi, washindani wapige droo. Unayoipata ndiyo yako kwa dakika hizo, kisha inarudi kwenye sanduku. Ukipata iliyochoka sasa, kipindi kijacho itamwangukia mwingine. Hakuna faida ya kununua kumi uchague moja, wala ya kuichovya kwenye maji, maana hujui utakayopewa.

Mtu atasema kubadilisha mota kila mara ni usumbufu. Ni skrubu mbili na nyaya mbili. Kazi pekee inayotaka utulivu ni kuikaribisha gia ndogo ya mota kwenye gia kubwa. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya meno ya gia mbili, sukuma mota mpaka ikamate karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gurudumu karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo sahihi. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Gia yenyewe iwe na idadi moja ya meno kwa wote, na hiyo inakaguliwa kwa kuhesabu kwa kidole. Mwenye gari la Dallas huenda akahitaji kidhibiti kingine cha mota za brashi. Cha bei nafuu kinatosha, na hapo ndipo sisi wa ng'ambo tuchangie.

Kuhusu mwinuko, msiige namba za gia za huku. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Injini za mafuta hupoteza nguvu huko, ndiyo sababu sizishauri. Mota ya umeme haipotezi nguvu, ila inapozwa na hewa hiyohiyo nyepesi, na sumaku ikipata moto kupita kiasi hudhoofika isirudi. Anzeni na gia yenye meno mawili pungufu, mguse mota baada ya kila kipindi, kisha mpandishe kidogo kidogo.

Msimu wa kwanza ukishapita, ningetamani sana kuona daraja la pili la mafundi: kopo lilelile la fedha, betri ileile, ila ndani kila fundi asuke waya apendavyo. Huku daraja la wazi limekuwa la mwenye duka kubwa. Eldoret linaweza kuwa la mwenye mkono mzuri, na kijana anayejifunza kusuka mota ndogo Jumapili atakuwa na kazi Jumatatu kwenye mashine ya posho. Lakini lisije kabla ya lile la kwanza kusimama imara, maana wanaoanza wakishindwa na fundi wa miaka ishirini hawatarudi.

Sanduku la mota likae kwa mtu asiyeshindana siku hiyo, na droo ifanywe mbele ya wote, vikaratasi ndani ya kofia, mdogo kuliko wote akichagua wa kwanza.