Krismasi Barabarani: Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Mama mpendwa, ukitaka kwenda Geita kwa sikukuu ya Krismasi ukiwa na watoto na mizigo, usingoje tarehe 24 Desemba. Siku hiyo basi hujaa watu hadi njia ya katikati, na wengine hupandisha nauli juu ya ile iliyopangwa na LATRA. Mimi nilisafiri tarehe 23 Desemba 2025, kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa Geita mjini, na hata siku hiyo nilidaiwa zaidi. Niliomba tikiti iandikwe kiasi kamili ninacholipa. Kondakta akaikumbuka nauli halali mara moja!

Ziko njia mbili. Moja hupita Kahama na Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu. Nyingine, niliyoichagua, hufuata barabara ya Mwanza hadi Usagara, kisha hukata kushoto kwenda Kigongo na Busisi. Tulipita Kolandoto, halafu Maganzo, jirani na Mwadui ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kutoka dirishani hata hivyo huioni almasi. Unaona ng'ombe, majaruba ya mpunga yaliyoanza kushika maji, na akina mama wameinama na majembe. Mwezi wa Desemba Usukuma ni wa kulima, sikukuu au si sikukuu.

Hungumalwa vijana walikimbilia madirishani na ndoo za maembe na vifurushi vya matobolwa. Nilinunua vyote viwili. Maembe niliyaosha kwa maji yaliyochemshwa niliyobeba kutoka nyumbani, jirani yangu akanicheka kidogo. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuchekwa.

Usagara nilishuka na kupanda Kosta ya kwenda Geita, mwendo wa kilomita 90. Hapo nikaketi na binti mmoja mwenye watoto wawili, kuku wawili chini ya kiti, na mimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakwenda wapi na jogoo huyu?"

Walikuwa wanakwenda Nyarugusu kwa baba yao. Hakurudi nyumbani tangu Pasaka. Kila akipigiwa simu alisema duara limekaribia kutoa, akiondoka atapoteza mgawo wake. "Basi nikaona kama yeye haji kwenye Krismasi, sisi tutaipeleka Krismasi kwake," alisema binti yule. Nilimpenda kwa neno hilo. Wengi wetu tungekaa nyumbani na kununa.

Tulipofika Kigongo watoto walisimama juu ya kiti ili waone maji. Zamani hapa abiria wote walishuka na kungoja kivuko, wakati mwingine saa nzima na zaidi, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Wagonjwa wa Geita na Sengerema waliopewa rufaa ya Bugando, Mwanza, nao walivuka hapa. Mwenye kumhudumia mama mwenye uchungu wa uzazi anajua maana ya kungoja kivuko usiku. Daraja la sasa, lenye urefu wa kilomita 3 na linaloitwa kwa jina la hayati Rais Magufuli, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Tulivuka kwa dakika chache tu, na mtoto mdogo akalia kwamba ziwa limekwisha upesi.

Baada ya Sengerema binti alinyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama moshi wa dhahabu una madhara. Mume wake huogopa wezi. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, huchukua ile dhahabu iliyoshikwa na zebaki na kuichoma usiku chumbani, kwenye kikaango kilekile cha kukaangia dagaa.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza akina mama kliniki. Zebaki ikichomwa haipotei. Inageuka mvuke usioonekana, nao ukivutwa huingia mwilini. Huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Chumba ambamo imechomwa hubaki na sumu ukutani na kwenye matandiko. Kwa hiyo ichomwe nje, mbali na makazi, kwa chombo maalumu kinachokamata mvuke. Kikaango kile kisipikiwe tena kamwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si katika beseni la mtoto. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, baba apelekwe kupimwa kifua kikuu, maana vumbi la mawe na kifua kikuu ni marafiki wa siku nyingi.

Nilimwambia pia waende wapimwe virusi vya UKIMWI wote wawili, kabla ya kitu kingine. Alitazama dirishani. "Hilo ndilo gumu mama," akasema. Nilijua. Mume na mke waliotengana miezi minane wanahitaji maneno ya taratibu, tena si mbele ya watoto. Nilimshauri amwandalie kwanza jogoo wake, washibe, ndipo azungumze. Kliniki ya wajawazito huwapima wote wawili, hivyo anaweza kuanza kwa kumwomba amsindikize.

Geita mjini tuliagana. Nilimsaidia kupandisha watoto kwenye gari la Nyarugusu, tukapeana namba za simu.

Kanisani siku ya Krismasi viti vya wanaume vilikuwa na nafasi nyingi. Mdogo wangu aliniambia ni kawaida, kukisikika rashi mahali wanahamia huko hata usiku wa mkesha.

Tarehe 26 jioni simu yangu iliita. Jogoo alikwisha kuliwa. Kikaango kimetupwa, na mume amekubali kuchomea dhahabu mwaloni. Kuhusu kupimwa, alisema atafikiri duara likitoa. Binti ameamua kubaki Nyarugusu hadi Januari, amngoje.