Mwezi Mei katika bustani za wafanyakazi wa Leipzig

Mgeni atokaye kwetu akafika Leipzig mwishoni mwa mwezi Mei hugundua jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba jua halitaki kutua. Saa tatu ya usiku bado mtu aweza kusoma gazeti akiwa nje, na watoto hawasikii wito wa kulala. Baridi imekwisha, lakini haijasahauliwa. Wenyeji huhesabu siku tano, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, ambazo huziita siku za watakatifu wa barafu, na kabla hazijapita hakuna mkulima mwenye akili zake atakayethubutu kuipeleka miche ya nyanya nje. Siku hizo zikishapita, mji mzima huonekana kana kwamba umepewa ruhusa. Ndani ya tramu ya Jumamosi asubuhi nilimwona mzee amepakata trei ya miche kama apakatavyo mjukuu, na mama mmoja ameshika msumeno uliofungwa kwa taulo.

Nasi tulikuwa na vyombo vyetu. Mdogo wangu alichukua mfuko wa nyundo na mtarimbo, shemeji kapu la chakula, na mjukuu wao, mvulana wa miaka minane, alikabidhiwa futi ya kupimia, akawa anaifungua na kuifunga njia nzima mpaka abiria wa mbele akageuka kumtazama. Tulikuwa tunakwenda kubomoa baraza.

Yafaa kwanza nieleze bustani zenyewe. Wenyeji huziita bustani za Schreber, kwa jina la daktari mmoja wa mji huo aliyefariki mwaka 1861, ingawa daktari huyo hakupata kupanda hata kitunguu katika bustani hizo. Mwaka 1864 mwalimu mkuu mmoja, Ernst Innocenz Hauschild, aliunda chama cha wazazi na walimu akakipa jina la marehemu, na mwaka uliofuata wakafungua uwanja wa watoto kuchezea. Baadaye mwalimu mwingine, Karl Gesell, alitenga pembezoni mwa uwanja vijitaro ili watoto wajifunze kulima. Watoto walilima kwa muda, wakachoka, magugu yakaota, na wazazi wakalazimika kushika jembe. Ndivyo bustani za watoto zilivyogeuka kuwa za familia, zikawekewa uzio, kisha vibanda. Mzazi yeyote aliyewahi kumnunulia mwanawe kuku wa kufuga anaifahamu hadithi hii. Tangu mwaka 1996 nyumba ya chama hicho ina makumbusho ya bustani za namna hiyo.

Leo Leipzig ina vyama vya bustani zaidi ya 200. Mwanachama hukodi kipande cha ardhi. Sheria ya mwaka 1983 inasema kisizidi mita za eneo 400, na kibanda kisizidi 24. Sehemu ya ardhi sharti iwe ya mboga na matunda, maana bustani hizi si viwanja vya kulalia juani tu. Wenye bustani wengi ni watu wakaao katika majengo ya ghorofa, wasio na ua wala kibaraza, na wiki nzima hufanya kazi chini ya dari. Siku ya Jumamosi hufungua lango dogo la mbao na kuingia mahali ambapo kila kitu kimetengenezwa kwa mkono. Niliona masanduku ya kuoteshea miche yaliyofunikwa kwa madirisha ya nyumba za zamani, na mapipa yanayokinga maji ya mvua kutoka katika milizamu ya bati. Jirani mmoja alikuwa ametengeneza meza kutokana na mlango, na kitasa chake bado kipo.

Njia yetu ilipita Plagwitz, upande wa magharibi wa mji, na mdogo wangu akanionyesha majengo ya matofali mekundu ya kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba kilichoanzishwa mwaka 1884. Kilikuwa mojawapo ya viwanda vikubwa kabisa vya aina hiyo katika bara la Ulaya, na wafanyakazi wake walikuwa na nyumba zao na bustani zao palepale. Siku hizi wachoraji wamefanya humo karakana zao. "Kaka, unajua pamba yao nyingine ilitoka wapi?" akaniuliza. Nilikuwa sijui. Ilitoka kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni hiyo ilikuwa na mashamba ya pamba katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na zao lilo hilo la pamba, kwa vile wananchi walishurutishwa kulilima, lilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Basi mfanyakazi wa hapa alitoka kazini jioni akaenda kumwagilia saladi yake, na mkulima wa kule aliacha shamba lake la mtama kwenda kupalilia pamba ya mwingine. Sikumwambia neno mtoto. Alikuwa akipima kiti cha tramu.

Mdogo wangu alikwenda Ujerumani mwaka 1986 kusomea ufundi wa mitambo, wakati Leipzig ikiwa bado katika Jamhuri ya Kidemokrasi ya Ujerumani. Alijifunza lugha, akahitimu, akapata kazi, akaoa. Bustani ilikuwa ya wazazi wa shemeji. Shemeji anakumbuka kwamba utotoni walikuwa wakipeleka matunda katika kituo cha ununuzi cha serikali, na kwamba bei waliyolipwa mara nyingine ilizidi bei ya matunda yayo hayo dukani, hata wajanja wakauza upande huu na kununua upande ule. Huyacheka mambo hayo hata leo.

Mwaka 1990 nchi mbili ziliungana. Mwaka uliofuata karakana alimofanya kazi mdogo wangu ilifungwa, naye akakaa karibu miaka miwili bila ajira. Barua alizotuandikia wakati huo zilikuwa fupi mno. Alisema hali ya hewa ni nzuri, na kwamba anajenga baraza.

Hilo ndilo baraza tulilokwenda kubomoa. Alilijenga mwaka 1992 kwa mbao za makasha yaliyotupwa na karakana ilipofungwa, akaliunganisha na kibanda cha wakwe zake. Ukikaa ndani yake na kuinua macho unaona bado herufi za rangi nyeusi zilizopigwa juu ya mbao, namba za mashine zilizokwenda sijui wapi. Marehemu baba yetu alikuwa seremala, na baraza lake nyumbani alilipima kwa hatua. Mdogo wangu naye alipima kwa hatua. Alipata mita nne kwa mita mbili na robo tatu, yaani mita za eneo kumi na moja. Kibanda kina kumi na sita. Jumla yake ni ishirini na saba, na sheria huhesabu hata eneo la nje likiwa limeezekwa.

Kwa miaka thelathini hakuna aliyepima. Masika haya ya Ulaya kamati ya chama ilipita na futi, na barua ikafika: mita tatu ziondolewe kabla ya mwisho wa Juni. Kibanda hakikuguswa kwa kuwa ni cha kale. Baraza lilikuja baadaye. Nilipofika Ijumaa jioni niliikuta barua imebandikwa juu ya jokofu. Mdogo wangu amepita miaka sitini sasa, na mgongo humsumbua. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri, "Kaka, nairudisha bustani. Wapo wengi wanaoisubiri." Shemeji, ambaye Kiswahili chake hakizidi maneno ishirini, aliyafahamu maneno hayo yote. Akaondoka mezani kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nami kama kaka mkubwa nilisema jambo lililonijia kwanza, kwamba mtu harudishi kitu kabla hajajua kazi yake ni kubwa kiasi gani. Twende kesho tukapime.

Tulipima. Au tuseme mjukuu alipima, nasi tukamshikia ncha. Njia zilikuwa mbili. Tungeweza kupunguza kina cha baraza kutoka mita mbili na robo tatu hadi mbili, au kupunguza urefu wake kutoka mita nne hadi mbili na sentimita tisini. Mdogo wangu alipenda njia ya kwanza kwa sababu ni nyepesi kwa paa. Mimi nilikataa. Baraza lenye kina cha mita mbili, ukiweka meza katikati, watu hawaketi wakatazamana. Huketi wote wakitazama njia kama abiria. Tulibishana kwa muda, naye akaanza kucheka, maana alisema nazungumza kama baba. Tukakubaliana kukata mwisho wa kushoto, mita moja na sentimita kumi. Mtoto akapiga mstari kwa kalamu ya risasi, ukapinda, akafuta, akapiga tena.

Ilibidi tufanye haraka, kwa kuwa katika bustani hizo kupiga nyundo hukoma saa saba mchana hadi saa tisa ili watu wapumzike, na Jumapili hakuna nyundo kabisa. Desturi hiyo niliionea wivu. Tukaegemeza boriti kwa nguzo ya muda. Nikapanda ngazi na mtarimbo, nikang'oa ubao wa kwanza wa pembeni, na ndege akanitoka usoni.

Alikuwa ndege mdogo mweusi mwenye mkia mwekundu. Juu ya boriti, hasa katika mita ile moja na sentimita kumi, palikuwa na kiota, na ndani yake midomo mitano ya manjano imefunguka. Shemeji akaniashiria nishuke. Sheria ya nchi hiyo hairuhusu kuvunja kiota chenye makinda. Hata ua la miti halikatwi ovyo kuanzia Machi mpaka mwisho wa Septemba. Hivyo sheria moja ilituamuru tubomoe, na nyingine ikatukataza. Mdogo wangu aliketi juu ya ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona uso wake umekunjuka.

Mwenyekiti wa chama aliitwa kutoka bustani ya nne. Alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira na udongo hadi magotini, na nakiri nilijiandaa kumchukia. Alipanda ngazi mwenyewe, akachungulia, akakaa huko juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposhuka alisema kwamba makinda hayo yataruka baada ya majuma mawili hivi, na kwamba tarehe ya barua itasogezwa. Kisha akautazama mstari wetu wa kalamu, akauliza kwa nini tumechagua urefu wala si kina. Nilimweleza, mdogo wangu akitafsiri. Akaitikia kwa kichwa, akakubali bilauri ya sharubati.

Sharubati yenyewe ndiyo iliyokuwa kazi ya wanawake wa familia siku hiyo, nami napenda kuieleza kwa kuwa ni rahisi. Mwishoni mwa Mei mti mmoja wa kando ya njia huchanua vishada vipana vya maua meupe yenye harufu ya asali. Shemeji na binti yake waliyachuma maua yalipokuwa makavu, wakayakung'uta wadudu pasipo kuyaosha, maana harufu imo katika vumbi lake. Waliyaloweka katika maji yaliyochemshwa na sukari nyingi, pamoja na vipande vya limau, wakafunika kwa kitambaa. Baada ya siku chache huchujwa, huchemshwa, hutiwa chupani. Tuliyokunywa ilikuwa chupa ya mwisho ya mwaka uliopita. Kwetu tuna maua yanayofaa kunusa, yanayofaa kusuka vikuba. Sijui kama tumewahi kuyanywa.

Baada ya saa tisa tulikuwa na mbao moja iliyong'olewa na mchana mrefu uliobaki. Mtoto akashauri tuwajengee ndege nyumba kwa ajili ya mwaka ujao, baraza litakapokuwa fupi. Tulikata, nikampa randa, nikamshika mikono kama nilivyoshikwa. Mbao za makasha ni laini, hazina sifa, lakini zilikuwa zimekauka miaka thelathini. Kijumba kilitoka kimeegemea upande kidogo. Katika ukuta wake mmoja zilibaki herufi tatu nyeusi. Mdogo wangu alitaka tuzipige randa zitoke, kisha akaghairi.

Sikumwuliza tena juu ya kuirudisha bustani. Nilipanda ndege siku nane baadaye, makinda yakiwa bado kiotoni, na sote tukipita chini ya boriti kwa kunyata kama wezi. Katikati ya Julai ilinijia picha kwa simu. Baraza limekatwa, nguzo mpya imesimama, na katika ile mita moja iliyobaki wazi wamepanda maboga, mbegu zake nilizipeleka mimi. Meza iko katikati. Shemeji na binti wameketi upande huu, mdogo wangu na mjukuu upande ule, na mtoto ameshika futi ya kupimia, amempima babu yake toka bega hadi bega.