Jalada la Kazi Mbele ya Jopo

Jalada la kazi la msanifu wa michoro hukusanya nembo, mabango, vibandiko vya bidhaa na majalada ya vitabu. Huku Ubelgiji halipekuliwi kama albamu ya harusi. Mhakiki husimama kwenye kazi moja akauliza: iliagizwa na nani, ilitakiwa kumfikia nani, na msanii alifanya sehemu ipi kwa mkono wake? Kazi isiyo na majibu hupitwa, hata ikipendeza. Ndiyo maana michoro ya awali ya penseli, ile iliyokataliwa, nayo hutiwa ndani. Humo ndimo fikra huonekana.

Desturi hii huanzia shuleni. La Cambre, shule ya Brussels iliyoanzishwa na Henry van de Velde katika miaka ya 1920, haimpokei mwanafunzi kwa diploma pekee. Kuna mtihani wa kuingia, na mwombaji hujieleza mbele ya jopo. Akishaingia, majopo humfuata hadi mwisho wa masomo.

Kinachowashangaza wanaotoka Lubumbashi, Kongo, ni uhaba wa sifa. Nyumbani anayeonyeshwa kazi mara nyingi ni papa, yaya au mteja. Heshima humtaka aseme ni nzuri, na mteja aliye ndugu ana sababu ya ziada ya kusifu: bei bado haijazungumzwa. Jopo halina undugu. "Kwa nini herufi hizi?" si tusi, ni swali linalotaka jibu, na "nilizipenda tu" si jibu.

Lakini mabishano juu ya namna ya kumkosoa msanii si mageni Lubumbashi. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Hakuwapa wanafunzi vielelezo vya Ulaya vya kuiga. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki wake, Bela akapaka rangi kwa vidole, Mwenze Kibwanga akajaza turubai kwa mistari mifupi inayopishana. Laurent Moonens naye alianzisha Akademia ya Sanaa mwaka 1951, na Desfossés alipofariki mwaka 1954, Hangar iliingizwa humo. Njia ya Desfossés ililinda mkono wa msanii, na matunda yake hayapingiki. Ila msanifu wa michoro haiwezi kumtosha, kwani yeye ana mteja, na mteja hudai maelezo.

Mfano ulio karibu zaidi na uhakiki mzuri ni mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, miaka ya 1973 na 1974. Walipitia picha za historia ya nchi moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Shaba (jina la Katanga wakati huo), mchoraji akieleza na mgeni akiuliza. Kitabu kilichotokana nayo, chenye picha 101, kilitoka mwaka 1996. Hakuna aliyempa Tshibumba alama. Aliulizwa tu, akajibu kwa kirefu.

Leo kituo cha sanaa kiitwacho Picha, kilichozaa Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, huwakutanisha wasanii wa mji na wageni. Sammy Baloji, mmoja wa waanzilishi wake, alianzia kwenye katuni kabla ya kupiga picha, na mwaka 2014 alichaguliwa kufanya kazi chini ya msanii Olafur Eliasson katika mpango wa ulezi wa Rolex.

Asiye na mlezi wa namna hiyo hugawa maswali. Msanifu mwenzake huulizwa juu ya herufi na mpangilio. Mpiga chapa huulizwa juu ya rangi, maana bluu inayong'aa kwenye skrini huweza kufifia ikichapwa kwa wino. Mtu wa sokoni huonyeshwa bango kwa muda mfupi, kisha huulizwa linauza nini; huyu ndiye husahaulika mara nyingi, na ndiye asiye na sababu ya kudanganya. Nembo nayo hupunguzwa hadi ukubwa wa mhuri wa kampuni, kwa wino wa rangi moja. Ikigeuka doa, hurudi mezani, na toleo jipya hupelekwa kwa mhakiki yuleyule pamoja na lile la kwanza.